Kiwiliwili cha Chuma katika Njia ya Usinge

Baada ya Urambo na Kaliua, reli itokayo Tabora kwenda Kigoma hufika Usinge, kisha huendelea kuielekea nchi ya maji na matete ya Malagarasi. Msafiri wa garimoshi hupaona Usinge kwa muda mfupi tu, akapita. Wenye kuandika historia nao wamepapita vivyo hivyo. Habari za njia hii kuu zilizoandikwa ni za pembe za ndovu, za utumwa, za chumvi ya Uvinza, na za vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Zote hizo zilistahili kuandikwa. Lakini iko shehena moja iliyopita katika nchi hii mara nyingi, na kwa taabu kuliko pembe, ambayo haijapata mwandishi wake. Shehena hiyo ni kiwiliwili cha chuma kilichofunguliwa vipande, ili kipate kuungwa tena mbali na kilikozaliwa.

Nimeelekezwa kwenye jambo hili na ufundi mmoja wa Marekani, nao yafaa uelezwe kwanza. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa motokaa yenye injini ya silinda 8 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza. Vijana wa California walizinunua motokaa hizo zikiwa kuukuu, wakazivua mabawa na kila kilichozidisha uzito, wakazishindanisha katika maziwa yaliyokauka kama lile la Muroc. Chama cha washindani wa kusini mwa California kiliundwa mwaka 1937, na vita vilipokwisha mwaka 1945 shauku hiyo ikaenea nchi nzima. Magari hayo huitwa hotirodi. Basi miaka ikapita, kutu na ajali zikafanya kazi yake, mabodi ya asili yakaadimika. Watu waliiga umbo lake kwa nyuzi za kioo na gundi. Wengine walikataa, wakataka chuma kwa chuma. Katika mji wa Brookville, jimbo la Ohio, kiko kiwanda kikandamizacho mabati ya chuma cha pua katika kalibu mpya, kikatoa bodi la Ford la mwaka 1932 lisilo na kipande hata kimoja cha mwaka huo. Mwenye fedha huliagiza, hulikalisha juu ya chesisi, yaani uti wa gari, akatia injini aipendayo, kisha akawaambia majirani, "Hii ni Ford ya 1932."

Je, asema kweli? Serikali ya California ilipolazimika kulijibu swali hilo kwa ajili ya ukaguzi wa moshi, ilitunga sheria mwaka 2001 iliyoruhusu magari 500 ya kujiundia kila mwaka yapewe nafasi ya pekee: mwenye gari achague kama umri wake utahesabiwa kwa injini au kwa mwaka ambao bodi lake linafanana nao. Jawabu hilo lina busara ya hakimu aliyechoka. Limekiri kwamba kiwiliwili na moyo vyaweza kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, na jina lafuata lile atakalo mwenyewe.

Kwa Wamarekani hayo ni mambo ya starehe ya mwisho wa juma. Katika njia ya Usinge swali hilohilo liliulizwa kwa jasho, tena mapema zaidi.

Mwaka 1882 jamii ya wamisionari wa London ilileta pwani mashua ya chuma cha pua, jina lake "Morning Star", iende ikafanye kazi katika ziwa Tanganyika. Wakuu wa safari walikuwa Edward Hore na Alfred Swann. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na vipande vya mashua haviwezi kupunguzwa mpaka vifike hapo, kwa kuwa bamba likikatwa mno si bamba tena. Basi vikapakiwa katika mikokoteni, na mikokoteni ikavutwa na watu. Msomaji aliyepata kuiona njia ya miguu ya miombo ataelewa maana yake. Njia hiyo huruhusu mtu mmoja kumfuata mwenzake, ikizunguka kila mti ulioanguka, maana ni rahisi kuuzunguka kuliko kuuondoa. Gurudumu haliwezi kuzunguka hivyo. Ilibidi njia ipanuliwe kwa shoka, mito ivukwe, mikokoteni itengenezwe ilipovunjika. Safari ilipita Unyamwezi, Mirambo akiwa bado hai huko Urambo, na mwaka 1883 vipande viliungwa Ujiji, mashua ikashuka majini. Swann aliandika kitabu cha habari zake, kikachapishwa mwaka 1910. Waliovuta mikokoteni hawakuandika.

Nilipokuwa nikizipima habari hizi niliona kuwa hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kitu cha chuma kilichosafirishwa vipandevipande kina waundaji wawili. Wa kwanza hukichora na kukikata. Wa pili hukiunga, naye ndiye hukipa maji, njia, uzito na kazi. Historia ya nchi yetu imemhifadhi wa kwanza kwa majina mawili na tarehe, na wa pili imemwacha katika neno moja la wingi: wapagazi, vibarua, wenyeji.

Hakuna mahali pa kuliona hili waziwazi kuliko katika meli tuijuayo kwa jina la Liemba. Iliundwa na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Huko iliungwa kwa bolti tu, ipate kujulikana kama kila bamba lakaa mahali pake, kisha ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yasemwayo kuwa 5,000. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli nzima, kwa hiyo, ilipita nchi kavu kutoka Dar es Salaam mpaka ziwani, ikavuka Usinge ikiwa ndani ya mabehewa kama shehena ya misumari. Anton Rüter na wenziwe wawili walitumwa kutoka Papenburg waisimamie kazi ya kuiunga. Majina yao watatu yanajulikana na kila asomaye habari za meli hiyo.

Lakini fikiri kazi ya ribiti ilivyo. Ribiti hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, hunyakuliwa kwa koleo, hutiwa tunduni kabla haijapoa. Mmoja huikinga upande wa ndani kwa chuma kizito, na mwingine huipiga upande wa nje mpaka ifanye kichwa cha pili. Ikipoa hujikunja, na katika kujikunja huvuta mabamba mawili yakawa kama moja. Akikosea mmoja wa watu hao, maji yatapita. Haiwezekani Wajerumani watatu kuwa pande zote mbili za bamba la meli yenye urefu wa mita 70 hivi. Mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ndio walioshika nyundo na koleo, na meli ilielea tarehe 5 Februari 1915.

Uthabiti wa kazi yao ulijaribiwa kwa namna ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuitamani. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakijiandaa kuikimbia Kigoma, mafundi wao waliipaka mitambo mafuta mazito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha wenyewe. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia likiwa jina la ziwa. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Sehemu za juu zilibadilishwa mara kadhaa. Basi Liemba iliyowabeba watu wa Kasanga na Kigoma mpaka karne hii si ile ya Papenburg kwa jina, wala kwa mtambo, wala kwa bendera. Kilichobaki ni kiwiliwili. Ukiipima kwa kipimo cha Wamarekani, Liemba ni hotirodi kubwa: mwili wa zamani wenye moyo mpya. Tena mwili huo uliungwa Kigoma, na hoja ya kwamba ni meli ya Kijerumani ingefaa isemwe kwa sauti ya chini kidogo.

Motokaa ilipoingia nchini, mambo yaligeuka. Sasa uti na injini vilikuja vizima kutoka ng'ambo, na kiwiliwili ndicho kilichosubiriwa hapa. Kati ya vita kuu mbili magari mengi ya Kenya na Tanganyika yalishushwa bandarini yakiwa chesisi, boneti na magurudumu tu. Maseremala waliyaundia juu yake sanduku la mbao lililo wazi ubavuni, la kuchukua watu, mahema na mizigo ya safari, na Wazungu wakayaita magari hayo kwa jina hilohilo la sanduku. Malori nayo yakafuata desturi hiyo. Mafundi wa Kisingasinga walikuwa na sifa kubwa katika kazi hii, na mikononi mwao vijana wa Kiafrika walijifunza, kwanza kushika tochi na nyundo, baadaye kupima na kukata.

Ufundi huu una elimu yake. Juu ya miimo miwili ya chesisi hulazwa mihimili ya mbao ngumu, na nchi ya Unyamwezi haina uhaba wa mninga. Mihimili hiyo haipigiliwi. Hukamatwa kwa vyuma vilivyopindwa mfano wa herufi U, vikakazwa kwa nati. Sababu yake ni kwamba chesisi hujinyonga: gurudumu moja likiingia shimoni, uti mzima wa lori hupinda kidogo, nao umechorwa ili ufanye hivyo. Bodi likichomelewa moja kwa moja juu yake litapasuka kwenye pembe, au litaukata uti wenyewe. Fundi ajuaye huacha nafasi ya mnyongo. Bati nalo, likiwa bapa, hupigapiga kama ngoma na kuchoka upesi. Likipindwa ukingo au kupigwa mshipa katikati hupata ukakamavu bila kuongeza uzito. Kiwanda cha Brookville hupata ukakamavu huohuo kwa kalibu na shinikizo, na fundi wa Tabora kwa nyundo na kipande cha reli alichokifanya fuawe. Bati halijui tofauti.

Hapa niseme maneno machache juu ya mpango wa karanga, kwa kuwa Urambo ilikuwa mojawapo ya mahali pake. Ulipoanza mwaka 1947 matrekta hayakupatikana madukani. Wakubwa wa mpango walinunua makuukuu ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, mengi yakiwa mabovu. Kiwanda cha Vickers nacho kilivichukua vifaru vya Sherman, kikavivua mzinga na deraya, kikatoa trekta liitwalo Shervick, jina lililochukua kipande kwa kila mzazi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, umekula kama pauni milioni 36. Ni mfano wa kiwiliwili kilichobadilishwa mbali sana na ardhi kitakayoikanyaga. Fundi wa bodi la lori hawezi kufanya kosa la namna hiyo, kwa kuwa mwenye lori hurudi kwake juma la pili akiwa na hasira.

Tofauti kubwa kati ya fundi wa Ohio na fundi wa njia yetu haimo katika zana. Wa Ohio husifiwa kwa kujificha: kazi yake ni bora pale ambapo hakuna awezaye kuitenga na kazi ya kiwanda cha Henry Ford. Akiongeza hata mshipa mmoja wa busara yake, ameharibu. Huiga umbo, kwa sababu mteja wake anainunua sura ya wakati uliopita. Wa kwetu hakuombwa sura. Aliombwa bodi lichukue magunia ya tumbaku na nta, na abiria juu yake, katika barabara ambayo mchoraji wa Uingereza au wa Japani hakuiona. Kwa hiyo aliacha kiasi cha mlango cha zamani, akanyanyua ukingo, akaongeza mhimili wa tatu. Mabodi mawili ya fundi mmoja hayafanani kabisa, maana la pili limejifunza kwa la kwanza. Kama nakala ni kazi ya kulinda, na haya ni mabadiliko, sioni kwa nini makumbusho yazitafute nakala na kuyaacha mabadiliko.

Ushahidi wake unapotea upesi. Mbao huliwa na mchwa, bati huuzwa kuwa chuma chakavu, na chesisi hupewa bodi jingine. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi, namba ya injini, jina la kampuni, rangi, hata aina ya bodi, na mwenye kuliunda hana mstari. Mwanafunzi wa Tabora atakayetaka kuianza kazi hii asitangulie maktabani. Aende karakana, awaulize wazee nani alimfundisha nani, na bodi la lori lipi lilitoka mkono upi. Wao hulitambua kwa mbali, kwa jinsi pembe ya nyuma ilivyofungwa.