Nakala ya kila usiku haizuii daftari la miamala kujaza diski

CHAMA cha akiba na mikopo, hospitali au duka linaloweka hesabu zake katika tarakilishi laweza kukwama ghafla asubuhi moja, mfumo ukikataa kupokea malipo kwa kuwa diski ya sava imejaa pomoni. Mara nyingi kilichoijaza si rekodi za wateja bali daftari la miamala.

Daftari hili ni faili ambamo hifadhidata huandika kila badiliko kabla ya kulitia katika faili kuu ya data. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo hulisoma upya, ukatimiza miamala iliyokuwa imethibitishwa na kutangua ile iliyoachwa njiani. Ndiyo sababu pesa haziwezi kutoka akaunti moja zikapotea kabla ya kufika nyingine.

Wasimamizi wengi hudhani kuwa wakichukua nakala kamili ya hifadhidata kila usiku, daftari nalo litajisafisha. Sivyo. Katika SQL Server ya kampuni ya Microsoft, hifadhidata iliyowekwa katika utaratibu wa urejeshaji kamili huendelea kurundika miamala hadi daftari lenyewe lichukuliwe nakala yake. Hapo nafasi ya ndani huachwa wazi itumike tena, ingawa ukubwa wa faili haupungui.

Nakala hizo zichukuliwe kila baada ya muda gani? Swali hilo ni la mwenye biashara kuliko fundi: iwapo diski zote za sava zitaharibika, yuko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Akijibu robo saa, basi daftari linakiliwe kila dakika 15. Ratiba ya kawaida huwa nakala kamili Jumapili, nakala ya tofauti kila usiku, na za daftari mchana kutwa. Wakati wa kurejesha, nakala za daftari hufuatana kwa mpangilio. Moja ikikosekana, zinazoifuata hazifai kitu.

Wapo waliozoea kulitupa daftari kwa amri ya TRUNCATE_ONLY, njia iliyokata mfuatano huo na ambayo Microsoft iliiondoa katika toleo la mwaka 2008. Kuibana faili kila siku pia ni kazi bure, kwani itapanuka tena, na upanuzi huo huchelewesha watumiaji. Heri kuipa ukubwa unaotosha tangu mwanzo.

Daftari likizidi kuvimba licha ya nakala, safu ya log_reuse_wait_desc katika sys.databases hutaja kizuizi. Neno ACTIVE_TRANSACTION humaanisha kuna muamala uliofunguliwa na haujafungwa, pengine na karani aliyekwenda kula chamcha. Anayeweza kuvumilia kupoteza kazi ya siku nzima anaweza kuchagua utaratibu sahili, ambao hujisafishia daftari bila nakala.