Ufafanuzi: Mpangilio wa tarehe, na sababu ya tarehe moja kusomwa kwa namna mbili

Tarehe 9/12/1961 haimpi Mtanzania shida yoyote kuisoma: ni siku Tanganyika ilipopata Uhuru. Mtu aliyelelewa Marekani, akiikuta imeandikwa hivyo hivyo bila maelezo mengine, ataisoma kuwa ni tarehe 12 Septemba 1961, takribani miezi mitatu kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, kwake yatakuwa ya tarehe 1 Desemba. Na Siku ya Kumbukumbu ya Hayati Abeid Amani Karume, 7/4, itageuka kuwa 4 Julai, ambayo ni sikukuu ya uhuru wa Marekani yenyewe.

Katika mifano hiyo hakuna aliyekosea. Tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu tupu haibebi maelezo ya namna ya kuisoma. Kila msomaji huisoma kwa desturi aliyoikulia, na desturi hizo duniani ziko tatu. Tanzania, Kenya, Uganda, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, Afrika na Amerika ya Kusini hutanguliza siku, ukafuata mwezi, kisha mwaka. Marekani hutanguliza mwezi, ikafuata siku, kisha mwaka. China, Japani, Korea na Hungaria hutanguliza mwaka, ukafuata mwezi, siku ikawa ya mwisho. Kanada, yenye urithi wa Uingereza na Ufaransa na yenye kupakana na Marekani, inazo zote tatu kwa wakati mmoja, na Serikali yake inapendekeza mwaka utangulie kila tarehe inapoandikwa kwa tarakimu pekee.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuhesabiwa. Utata kati ya desturi yetu na ile ya Marekani hutokea pale tu namba ya siku isipozidi 12, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Kila mwezi una siku 12 za aina hiyo, hivyo kwa mwaka ni siku 144. Kati yake, 12 husomeka sawasawa kwa pande zote mbili: 1/1, 2/2, 3/3 na kuendelea hadi 12/12. Sabasaba na Nanenane zimo katika kundi hilo lenye bahati, na Siku ya Kiswahili Duniani pia, kwa kuwa nayo huadhimishwa tarehe 7 Julai. Zinabaki siku 132, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya mwaka, ambazo mtu anaweza kuzisoma visivyo na asipate dalili yoyote kwamba amekosea.

Kukosekana kwa dalili ndiko kunakoleta hasara. Chukulia mwombaji wa ufadhili wa masomo aliyeko Morogoro, ambaye chuo kikuu cha Marekani kimemwandikia kuwa mwisho wa kupokea maombi ni 06/10. Chuo kinamaanisha tarehe 10 Juni. Mwombaji anasoma tarehe 6 Oktoba, anaandaa vyeti vyake kwa utulivu na kuvituma mwezi Agosti akiamini amewahi. Laiti tarehe hiyo ingekuwa 06/25, angeshtuka mara moja, akauliza. Hali ni hiyo hiyo kwa tarehe ya kuzaliwa: mtu aliyezaliwa tarehe 5 Agosti, ambaye katika fomu moja ameandikwa 5/8 na katika nyingine 8/5, huonekana katika mifumo kama watu wawili tofauti, na kulinganisha taarifa zake baadaye huweza kumgharimu hati ya kiapo, nauli na siku kadhaa za kazi.

Kompyuta nazo huongeza utata kwa njia ya kimyakimya. Programu za lahajedwali kama Excel husoma tarehe kulingana na nchi iliyochaguliwa katika mipangilio ya kompyuta. Pale mpangilio unapokuwa wa Marekani na karani akaandika 5/3/2024 akimaanisha tarehe 5 Machi, programu huihifadhi kuwa tarehe 3 Mei. Akiandika 25/3/2024, programu hushindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi ya kawaida. Matokeo yake ni safu moja ambayo tarehe nyingine ni sahihi lakini hazihesabiki, na nyingine zinahesabika lakini si sahihi. Anayepokea jedwali hilo hana njia rahisi ya kujua zipi ni zipi. Kwa ofisi inayotunza kumbukumbu za mahudhurio, chanjo au mikopo, kosa hili ni zito kuliko la mwandiko mbaya, maana mwandiko mbaya huonekana.

Swali la ni mpangilio upi wenye mantiki zaidi limekuwa likijibiwa kwa mapenzi ya kila mtu kwa desturi ya kwao. Likiangaliwa kwa utulivu, mipangilio miwili kati ya hiyo mitatu ina mfuatano: wetu hupanda kutoka kipimo kidogo hadi kikubwa, na ule wa Asia Mashariki hushuka kutoka kikubwa hadi kidogo. Wa Marekani huanza na cha kati, ukashuka, kisha ukaruka hadi kikubwa. Hata hivyo, hauna upungufu wa maana kwa wanaoutumia, kwa sababu hufuata namna wanavyotamka tarehe kwa Kiingereza chao, mwezi kwanza. Inafaa kukumbuka pia kwamba majeshi ya nchi hiyo hiyo hutanguliza siku, na huandika mwezi kwa herufi.

Kiswahili chenyewe hakina msimamo mmoja. Katika mazungumzo husemwa “tarehe tano mwezi wa tatu”, siku ikiwa mbele. Lakini sikukuu ya wafanyakazi huitwa Mei Mosi, mwezi ukiwa mbele, na magazeti mengi ya Kiswahili huandika “Desemba 9, 1961” bila msomaji kulalamika. Mashambulizi yaliyotokea Marekani mwaka 2001 yamezoeleka kwa jina la Septemba 11. Hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu ya maneno hayo, kwa kuwa jina la mwezi likiwapo, mpangilio hauna tena uwezo wa kudanganya. “Desemba 9” na “9 Desemba” ni siku moja kwa kila anayejua kusoma.

Utata hubaki katika tarakimu tupu, na huko ndiko mpangilio wa mwaka kwanza unakoizidi mingine. Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna nchi yenye desturi ya kuandika mwaka, siku, kisha mwezi. Tarehe inayoanza na tarakimu nne za mwaka, mfano 1961-12-09, husomeka kwa namna moja Dar es Salaam, New York na Beijing. Sababu ya pili ni kwamba hivyo ndivyo tarakimu zinavyofanya kazi kwa kawaida. Katika 4,350, elfu hutangulia mamia. Katika saa, saa hutangulia dakika, na dakika hutangulia sekunde. Tarehe inayotanguliza mwaka huungana na saa bila kugeuza mwelekeo.

Sababu ya tatu inafahamika vizuri na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi masjala. Kompyuta hupanga majina ya mafaili kwa kulinganisha herufi au tarakimu moja moja kutoka kushoto. Mihtasari ya vikao iliyohifadhiwa kwa majina 03-02-2023, 04-01-2022 na 05-01-2021 hupangwa kwa mfuatano huo huo, yaani cha mwaka 2023 mbele na cha mwaka 2021 mwisho, kwa kuwa kinachotazamwa kwanza ni siku. Mihtasari hiyo ikiitwa 2021-01-05, 2022-01-04 na 2023-02-03, hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa nyakati, ikiwa mitatu au elfu tatu.

Shirika la Kimataifa la Viwango, lenye makao yake Geneva, Uswisi, ambalo Tanzania ni mwanachama wake kupitia Shirika la Viwango Tanzania, liliuweka mpangilio huo katika kiwango namba 8601 kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1988. Kiwango hicho kinataka mwaka wa tarakimu nne, mwezi wa tarakimu mbili na siku ya tarakimu mbili, vikitenganishwa kwa vistari, si kwa mikwaju. Sifuri haiachwi: mwezi Machi ni 03. Toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2019. Msisitizo wa tarakimu nne una historia yake. Mifumo iliyotunza mwaka kwa tarakimu mbili ndiyo iliyolazimisha marekebisho makubwa duniani kote kabla ya kuingia mwaka 2000. Na bado tarehe kama 01/02/03 inaweza kuwa 1 Februari 2003, 2 Januari 2003 au 3 Februari 2001, kutegemea nani ameiandika.

Wananchi wengi wa Tanzania tayari wanautumia mpangilio huu pengine bila kuugundua. Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba: mwaka, mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1990 ana namba inayoanza na 19900805. Katika pasipoti, mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine huandika tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha muda kwa tarakimu sita, mwaka ukitangulia: 900805. Mistari hiyo imewekwa kwa kanuni moja ya kimataifa, ndiyo maana hubaki hivyo hata katika pasipoti za Marekani. Anayehofia kwamba fomu fulani imegeuza siku na mwezi wake wa kuzaliwa anaweza kuilinganisha na namba hizo mbili.

Bidhaa za dukani zinahitaji uangalifu wake. Vyakula, vipodozi na dawa hutoka nchi zenye desturi tofauti, na pakiti huweza kuandikwa 08/05 bila maelezo. Njia rahisi ni kutafuta tarehe ya kutengenezwa katika pakiti hiyo hiyo. Iwapo moja kati ya tarehe hizo mbili ina namba inayozidi 12, mahali ilipo namba hiyo ndipo palipo siku, na tarehe ya pili kwa kawaida hufuata mpangilio huo huo. Dawa nyingi huonyesha mwezi na mwaka tu, na hapo mwisho wa matumizi huchukuliwa kuwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Pakiti isipotoa ushahidi wowote, ni salama zaidi kuishughulikia kwa tarehe iliyo karibu, au kumuuliza mfamasia.

Jambo jingine ambalo mpangilio wa tarakimu hauwezi kulitatua ni mpaka wa siku. Kwa kalenda ya kiserikali siku hubadilika saa 6:00 usiku, lakini hesabu ya saa za Kiswahili huanza alfajiri na magharibi, na kwa kalenda ya Kiislamu siku mpya huingia jua linapotua. Ndiyo maana Kiswahili kina usemi “usiku wa kuamkia Jumamosi”, ambao ni sahihi kuliko “usiku wa Ijumaa”, kwa kuwa katika mwambao usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jioni. Tangazo linalosema maombi yatafungwa “saa 6:00 usiku tarehe 30 Juni” linaweza kumaanisha mwanzo wa siku hiyo au mwisho wake, tofauti ya saa 24 kamili. “Saa 5:59 usiku, tarehe 30 Juni” halina shaka hiyo. Wakazi wa mwambao wanafahamu pia kwamba Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, si mwezi wa sita wa kalenda yoyote kati ya mbili hizo. Huhesabiwa kuanzia Mfungo Mosi, unaofuata Ramadhani.

Katika kujaza fomu, kinachotawala ni maelekezo ya fomu yenyewe na si desturi ya anayejaza. Fomu za Kiingereza huonyesha mpangilio kwa herufi: D ni siku, M ni mwezi na Y ni mwaka. Fomu za uhamiaji za Marekani huandika mm/dd/yyyy, na tarehe 5 Agosti 1990 hujazwa humo 08/05/1990. Fomu isiyo na maelekezo na yenye nafasi ya kutosha ijazwe kwa jina la mwezi: 5 Agosti 1990, au kwa Kiingereza pale lugha ya fomu inapokuwa hiyo. Barua, matangazo na mialiko ziandikwe vivyo hivyo. Tarakimu tupu, mwaka ukiwa mbele, zibaki kwa majina ya mafaili, majedwali na kumbukumbu za kompyuta. Aliyekwishatuma fomu na kugundua kwamba siku na mwezi vimebadilishana nafasi anapaswa kuomba marekebisho kwa maandishi mapema, kabla ya taarifa hizo kuhamia katika nyaraka nyingine, na katika barua yake aandike tarehe zote mbili, iliyokosewa na iliyo sahihi, kwa majina ya miezi.