Shule ya serikali, ya konvansione au ya privé: mzazi wa Bwegera aangalie nini?

Kila mwezi wa tisa swali hili linarudi katika nyumba zetu za bonde la Ruzizi: mtoto aende wapi? Wengi wanahesabu njia mbili, serikali na privé. Kwetu Kongo ziko tatu, na hiyo ya tatu wengi wanaichanganya na privé.

Ni shule za konvansione. Mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule za makanisa. Kazi ilimlemea, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia sahihi makubaliano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: kanisa liongoze shule, serikali ilipe walimu na kuweka programu. Kwa hiyo shule ya konvansione, hata ikiwa na jina la kanisa ukutani, ni shule ya umma. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure, na utekelezaji ulianza Septemba 2019 chini ya Rais Félix Tshisekedi. Direkta anayesema "sisi ni wa kanisa, gratuité haituhusu" anakosea. Nawaambia hata wachungaji wenzangu.

Lakini gratuité ilijaza madarasa. Tena wako walimu ambao hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Zamani waliishi kwa prime ya wazazi. Ilipokatazwa, wakabaki mikono mitupu. Mwalimu mwenye njaa ataenda shambani siku ya masomo, na hapo ndipo privé inapata watoto wake. Basi muulize direkta bila haya: mwalimu wa darasa hili analipwa? Watoto wako wangapi?

Kwa privé, omba kwanza kuona kibali cha serikali. Bila hicho, mtoto anaweza kupata shida kwenye mtihani wa mwisho wa msingi au akihama. Uniforme nzuri si kibali.

Halafu makuta. Bwegera pesa zinafuata mpunga, mahindi na muhogo. Septemba mvua inakaribia, mbegu zinahitajika, na privé nayo inadai minervali. Mtoto anayefukuzwa kila mwezi kwa deni anapoteza masomo kuliko yule wa darasa lililojaa. Yesu alisema juu ya mtu anayekaa chini kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara (Luka 14). Piga hesabu ya miaka yote sita, tena kwa watoto wote. Nimeona nyumba ambapo kijana anapelekwa privé na dada yake anaachwa nyumbani. Hiyo si hesabu, ni upendeleo.

Mimi naona hivi: kama konvansione ya karibu ina walimu wanaolipwa, mwache mtoto humo, utunze pesa za sekondari, maana kule utalipa hata shule ya umma. Lakini mtoto wa darasa la tatu akishindwa kusoma mistari mitano ya Kiswahili mbele yako, mhamishe ukiweza.

Popote atakaposoma, weka bulletin zake zote ndani ya plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Waliokimbia kwa barabara ya RN5 kuelekea Uvira wanajua: kule direkta anaanza kwa kuuliza bulletin.