Istilahi ya Tiba ya Kisahani cha Uti wa Mgongo

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu, na kila kimoja kina kiini laini kishikacho maji. Kiini kikichomoza na kubana neva, maumivu hushuka hadi mguuni.

Mwaka 1941 Jansen na Balls walitenga kimopapaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai. Mwaka 1956 Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini. Masikio yao yakalegea, kwani gegedu lilikuwa limedhoofishwa. Mwaka 1963 Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Marekani, alianza kuwadunga wagonjwa kimopapaini kisahanini. Dawa hiyo iliidhinishwa nchini humo mwaka 1982. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali, na wachache wakapooza. Mwaka 2003 uuzaji wake huko ukakoma. Mwaka 2018 Japani iliidhinisha kondoliase, kimeng'enya kitokanacho na bakteria.

Tiba hii tuiiteje? "Uyeyushaji kiini" hautoshi: chumvi huyeyuka majini ikabaki chumvi, bali hapa molekuli za kiini hukatwakatwa, kikapoteza maji na kusinyaa. Kwa hiyo twapendekeza "umeng'enyaji kiini", istilahi inayovifaa vimeng'enya vyote viwili.

Wala kimopapaini isiitwe "sindano ya papai". Mgonjwa aliyezoea kula tunda hilo hatashuku hatari yoyote anapotia sahihi ya kukubali tiba. Yatupasa tuchague jina lisilomficha jambo hilo.