Mkatiko wa Mawimbi katika Kipimanguvu cha Baiskeli

Mkatiko wa mawimbi ni hali ya kipokezi kukosa kwa muda taarifa zinazorushwa na kihisi kisichotumia waya. Kwa mwendesha baiskeli mwenye kipimanguvu, hali hiyo huonekana kwenye kioo cha kompyuta ndogo ya usukani: namba ya wati huganda, hugeuka vistari, kisha hurudi. Kumbukumbu ya safari ikifunguliwa baadaye, mchoro wake huwa na pengo, au hushuka ghafla hadi sifuri mahali ambapo miguu ilikuwa ikisukuma kwa bidii.

Kipimanguvu chenyewe kinahitaji maelezo. Katika fizikia, kani ni msukumo au mvuto, ilhali nguvu ni kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Ndani ya mkono wa pedeli, ekseli ya pedeli au habu ya gurudumu la nyuma hubandikwa vipande vyembamba vya metali. Chuma kinapopinda kidogo kwa kukanyagwa, ukinzani wa umeme wa vipande hivyo hubadilika, na badiliko hilo hutafsiriwa kuwa kani ya kuzungusha. Kani hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko hupatikana nguvu: newtonimita 30 kwa mizunguko 90 kwa dakika ni wati 283 hivi. Jina kipimanguvu limefuata njia ya kipimajoto na kipimapembe. Neno mita lingeweza kutumika, lakini tayari ni kizio cha urefu, na katika mchezo unaohesabu umbali kila siku lingechanganya.

Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM mwaka 1986, na vipimanguvu vyake vya mwanzo vilipeleka taarifa kwenye usukani kwa waya. Waya ulipoondolewa, baiskeli ilipata wepesi na usafi, lakini pia ikapata tatizo jipya: taarifa inayopita hewani inaweza isifike.

Waingereza huliita tatizo hilo dropout. Neno hilo halitafsiriki kwa kufuata sehemu zake, kwa kuwa lina kazi nyingi mno. Ndilo linalotumika kwa mwanafunzi aliyeacha shule. Na katika ufundi wa baiskeli ni jina la mwanya wa fremu unaoshika ekseli ya gurudumu. Fundi anayesoma mwongozo kwa Kiingereza hulazimika kupima muktadha ajue kama anaambiwa habari za chuma au za mawimbi. Kiswahili hakina sababu ya kuurithi utata huo.

Kitenzi kinachofaa tayari kiko midomoni mwa watu. Umeme hukatika, simu hukatika katikati ya mazungumzo, mtandao hukatika. Kukatika si kukatwa: anayesema umeme umekatwa anamaanisha yupo aliyeukata, pengine kwa deni, anayesema umekatika anataja hali bila kumtaja mtenda. Si kuzimika pia, kwa sababu kifaa kilichozimika hakirushi chochote, ilhali kipimanguvu ambacho mawimbi yake yamekatika huenda kinaendelea kurusha bila kusikika. Kutokana na kitenzi hicho, nomino mkatiko huundwa kama mlipuko kutoka kulipuka na mporomoko kutoka kuporomoka. Wingi wake ni mikatiko. Pale mawimbi yanapokuja na kwenda mara kwa mara, lugha hurudufu shina: yanakatikakatika. Tofauti hii ina manufaa kwa fundi, maana mkatiko mmoja mrefu na kukatikakatika kila baada ya sekunde chache mara nyingi havina chanzo kimoja.

Mpaka muhimu zaidi ni ule kati ya mkatiko na sifuri. Sifuri ni kipimo halali: mwendeshaji anateremka mlima bila kupiga pedeli, na kipimanguvu kinasema ukweli kwamba nguvu ni wati 0. Mkatiko ni ukosefu wa kipimo. Mtu akiendesha dakika 60 kwa wati 200 bila kupumzika, na dakika 6 zikapotea, wastani utabaki wati 200 endapo pengo litaachwa tupu, lakini utashuka hadi wati 180 endapo pengo litajazwa sifuri. Mazoezi ya mwezi mzima yakipangwa kwa hesabu hiyo ya pili, mwanamichezo atajiona dhaifu kuliko alivyo. Kwa hiyo sifuri za mteremko zihesabiwe, na mapengo ya mkatiko yasihesabiwe.

Vipimanguvu vingi hutumia itifaki mbili, ANT+ na Bluetooth, zote katika masafa ya gigahezi 2.4. Katika ANT+ kipimanguvu hutangaza ujumbe mfupi takribani mara nne kwa sekunde kwenye megahezi 2457, na vipokezi vingi vinaweza kuusikiliza kwa pamoja. Ujumbe wake wa kawaida wa nguvu hubeba pia hesabu ya vipimo vilivyokwisha kufanywa na jumla ya wati zake. Kwa hiyo kipokezi kilichokosa jumbe mbili tatu kinaweza kugawanya ongezeko la jumla kwa ongezeko la hesabu na kupata wastani wa kipindi kilichopotea. Ndiyo maana mikatiko mifupi sana haiharibu kumbukumbu. Bluetooth hufanya kazi kwa muunganisho: kipimanguvu hushikana na kipokezi maalumu, vikirukaruka pamoja kati ya njia za masafa ili kukwepa zenye msongamano, na vipimanguvu vingi hukubali muunganisho mmoja au michache tu kwa wakati mmoja.

Mawimbi ya masafa haya yana urefu wa sentimita 12 hivi. Maji huyafyonza, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Metali nayo huyazuia na kuyarudisha. Simu iliyowekwa mfuko wa nyuma, au saa iliyovaliwa mkono wa kulia huku kirusha mawimbi kikiwa mkono wa pedeli wa kushoto, hulazimika kusikiliza kupitia mapaja, kiwiliwili na fremu.

Utatuzi huanza kwa kusoma kumbukumbu kabla ya kugusa kifaa. Ikiwa mapigo ya moyo na nguvu vimepotea kwa sekunde zilezile, mashaka yaelekezwe kwenye kipokezi au kwenye mwingiliano wa mawimbi ya nje. Ikiwa nguvu pekee imepotea, yaelekezwe kwenye kipimanguvu. Mikatiko inayotokea kila mara mahali palepale barabarani huashiria mwingiliano wa mahali hapo. Inayotokea asubuhi za baridi huashiria betri. Inayoanza baada ya mvua au kuosha baiskeli huashiria maji.

Hatua ya pili ni betri. Vipimanguvu vingi hutumia betri bapa ya CR2032, yenye volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Volti za betri ya aina hii hushuka kidogo sana kwa muda mrefu, kisha huporomoka karibu na mwisho, hivyo alama ya chaji kwenye kioo si shahidi wa kutegemewa. Baridi huongeza ukinzani wa ndani wa betri, na kila mpigo wa kurusha ujumbe hudai mkondo mkubwa kwa ghafla; betri iliyochoka hushindwa hapo hapo. Iwekwe mpya, vigusio vifutwe kwa kitambaa kikavu, na mpira wa kuzuia maji ukaguliwe kama umepasuka au umekaa upande.

Hatua ya tatu ni mahali pa kipokezi. Kihamishwe kutoka mfukoni hadi kwenye usukani, na safari irudiwe. Mikatiko ikiisha, kifaa hakikuwa kibovu.

Hatua ya nne ni uoanishaji. Usajili wa kipimanguvu ufutwe kwenye kipokezi, kisha vioanishwe upya. Kwa Bluetooth, programu za simu zinazoweza kukidaka kipimanguvu kabla ya kompyuta ya usukani zifungwe. Programu ya ndani ya vifaa vyote viwili isasishwe, kwa kuwa baadhi ya makosa ya mawasiliano husahihishwa na mtengenezaji kwa njia hiyo.

Hatua ya tano ni mwingiliano, hasa kwa anayefanya mazoezi ndani ya nyumba. Njia ya 11 ya Wi-Fi katika gigahezi 2.4 hulifunika eneo la megahezi 2457, na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayohayo. Kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta karibu na diski ya USB 3.0 huwa katikati ya kelele. Waya wa kurefusha unaokileta karibu na pedeli, pamoja na kuihamishia Wi-Fi kwenye njia ya 1 au gigahezi 5, mara nyingi hutosha. Barabarani, kamera ya usukani iliyowashwa Wi-Fi inaweza kuleta usumbufu kama huo.

Katika hatua zote hizi kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko lijaribiwe katika njia ileile. Anayebadilisha betri, kipokezi na programu kwa siku moja anaweza kuponya tatizo bila kujua dawa ilikuwa ipi, na likirudi ataanza upya.

Jaribio la mwisho ni la kubadilishana: kipimanguvu kilekile kisikilizwe na kipokezi kingine, mahali pa wazi, kikiwa na betri mpya. Ikiwa mawimbi yanakatikakatika hata hapo, hitilafu iko ndani ya kipimanguvu, katika antena, sakiti au maunganisho yaliyoingia maji. Hapo ni zamu ya karakana ya mtengenezaji, na kipimanguvu kipelekwe pamoja na kumbukumbu za safari zinazoonyesha saa, urefu na mpangilio wa kila mkatiko.