Unavaa alaina za meno? Vitu vya kubeba kwenye begi na usafi wa kila siku

Alaina ni vile vifuniko vya plastiki angavu ambavyo daktari wa meno humpa mtu badala ya waya ili kunyoosha meno yaliyopinda au yaliyobanana. Mtu akikutazama haraka hata hajui kama umevaa kitu. Unazivaa saa 20 hadi 22 kwa siku, na kila baada ya wiki 1 au 2 unahamia seti nyingine kadiri daktari atakavyokupangia.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuzivua ukala, ukapiga mswaki, kisha ukarudisha. Lakini hapo hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Waya umegandishwa, hauna pa kwenda. Alaina inategemea nidhamu yako mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote yanakuwa rahisi. Kwa kawaida mate yanaosha meno mchana kutwa. Yanapunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye jino. Ukiwa umevaa alaina, mate hayapiti vizuri juu ya meno. Kwa hiyo ukirudisha alaina mdomoni bila kusafisha, mabaki ya chakula na sukari yanabaki yamefungiwa pale kwa saa nyingi. Bakteria wanafurahi, asidi inatengenezwa, jino linaanza kuoza. Mtu anaweza kumaliza matibabu akiwa na meno yaliyonyooka lakini yenye matobo. Hasara tupu.

Zilianzia wapi?

Wazo ni la zamani. Mwaka 1945 daktari wa Marekani, Harold Kesling, alieleza namna ya kusogeza meno kidogo kidogo kwa vifaa vya kuvaa na kuvua. Alaina kama tunazozijua leo zilikuja na kompyuta. Kampuni ya Align Technology ilianzishwa California mwaka 1997, na bidhaa yake ya Invisalign ikapata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 1998. Siku hizi kampuni zinazotengeneza ni nyingi, na madaktari wa meno katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki wanazo.

Hesabu ya saa: una saa 2 tu

Kama daktari amekuambia uvae saa 22, umebakiwa na saa 2 za kula, kunywa chai na kupiga mswaki. Gawanya hivi:

- Chai ya asubuhi na mswaki: dakika 35
- Chakula cha mchana na mswaki: dakika 40
- Chakula cha usiku, mswaki na uzi wa meno: dakika 45

Jumla ni dakika 120. Hakuna nafasi ya kutafuna karanga kidogo saa nne, kashata saa kumi na mahindi ya kuchoma ukiwa kituoni. Ukitaka hicho kitafunwa, kile pamoja na mlo, usikitenge peke yake. Watu wengi wanasema alaina ziliwapunguzia tabia ya kudokoadokoa, na sababu ni hiyo tu: uvivu wa kuvua na kupiga mswaki kila mara.

Weka kengele kwenye simu kila unapovua. Ukikaa kwenye stori baada ya kula, saa nzima inaweza kupita bila kujua.

Utaratibu wa siku nzima

1. Nawa mikono kwanza, kabla ya kuvua na kabla ya kurudisha. Mikono iliyoshika fedha na bomba la daladala haifai kuingia mdomoni.

2. Vua kuanzia magegoni. Ingiza ncha ya kidole upande wa ndani wa gego, achia upande mmoja, kisha wa pili, ndipo uje mbele. Ukivuta kwa mbele kwa nguvu, plastiki inapasuka.

3. Ukishavua, suuza alaina kwa maji safi yenye ubaridi. Mate yakikaukia humo yanatengeneza ukoga mweupe na harufu.

4. Piga mswaki dakika 2 kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa yenye floraidi ya kiwango cha 1000 hadi 1500 ppm. Kiwango hicho huandikwa kwenye boksi au tyubu. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

5. Kama daktari amekubandikia vishikizo, yaani vile vinundu vidogo vya rangi ya jino, zungusha mswaki juu yake na chini yake. Ukoga unapenda kujificha pembeni mwa vinundu hivyo.

6. Usiku tumia uzi wa meno. Mswaki haufiki katikati ya jino na jino. Hapa alaina zinawashinda waya, maana uzi unapita bila kizuizi chochote.

7. Safisha alaina zenyewe asubuhi na usiku. Tumia mswaki wa pili laini, maji ya baridi au vuguvugu, na tone la sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu kali. Sugua ndani na nje taratibu, suuza vizuri.

Maji ya bomba kama huyaamini kunywa, usiyatumie pia kusuuzia alaina. Tumia yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa.

Vitu vya kubeba kwenye begi

Tafuta kimfuko kidogo chenye zipu. Humo weka:

- Kikasha cha alaina. Hiki ndicho namba moja. Alaina nyingi hazipotei barabarani. Zinafungwa kwenye tishu mezani, mhudumu anakuja kufuta meza, kwisha habari. Sheria ni rahisi: kama haiko mdomoni, iko kwenye kikasha. Kikasha kiwe na matundu ya hewa, na kioshwe kama unavyoosha kikombe.

- Mswaki mdogo wenye kifuniko na tyubu ndogo ya dawa ya meno.

- Uzi wa meno au vibrashi vidogo vya kupita katikati ya meno. Vijiti vya mgahawani vinaweza kuchubua fizi, visikuzoeshe.

- Chupa ya maji. Kinywaji unachoweza kunywa ukiwa umevaa alaina ni maji matupu. Pia maji ndiyo msaada wako pale ambapo hakuna sinki.

- Vimpira vya kung'ata. Ni vipande vidogo laini ambavyo daktari hukupa. Ukishavaa alaina, hasa seti mpya, ng'ata dakika kadhaa kila upande ili ikae sawasawa juu ya meno.

- Ndoano ya kuvulia. Ni kiplastiki kidogo chenye ncha iliyopinda, kinafaa kwa wenye kucha ndefu au vishikizo vingi.

- Nta ya meno. Ukingo wa alaina ukikwaruza shavu au ulimi, bandika kipande kidogo mpaka umwone daktari.

- Seti iliyopita. Usiitupe siku unayohamia mpya. Ikipotea unayovaa, ile ya zamani inaweza kukuokoa.

Na mswaki wa mti je? Ule wa asili ambao wazee wetu wanautumia ni msaada mzuri safarini. Ukiwa basini kutoka Dar kwenda Mwanza, mswaki wa mti na maji ya kusukutua ni bora kuliko kurudisha alaina juu ya mabaki ya chipsi. Ila usiutumie kusugua alaina, utaikwaruza, na ukifika bado piga mswaki wa dawa.

Chai, kahawa, pilau na soda

Hapa Waswahili ndipo tunapoteswa. Chai ya rangi, kahawa chungu na binzari ya manjano vinaitia plastiki rangi ya njano haraka sana. Chai ya moto pia inaweza kuipinda. Ikishapinda hata kidogo haikai tena kwenye meno inavyotakiwa.

Soda ni mbaya zaidi kwa sababu ina sukari na asidi pamoja. Ukiinywa na alaina mdomoni, inaingia chini ya plastiki na kukaa pale. Hata ile isiyo na sukari bado ina asidi. Juisi ya ukwaju, ubuyu, embe, miwa, zote vua kwanza.

Ukinywa kitu kichachu, usikimbilie mswaki. Asidi inalainisha tabaka la nje la jino, na ukisugua papo hapo unalikwangua. Sukutua kwa maji, subiri kama dakika 30, ndipo upige mswaki.

Bazoka usitafune ukiwa umezivaa, zinanasa. Sigara, shisha na tambuu zinaacha rangi na harufu. Wanaotafuna miraa wajue kikao kimoja kinaweza kumaliza saa zote 2 za siku nzima, na miraa ikisindikizwa na soda, meno yanapigwa mara mbili.

Mwezi wa Ramadhani

Mfungaji ana nafuu: mchana hali, basi alaina zinakaa mdomoni bila usumbufu. Tatizo ni mdomo kukauka na vitafunwa vya usiku. Panga hivi: vua wakati wa futari, kula na maliza, piga mswaki, rudisha. Ukiwa na tabia ya kuchovya tende na kunywa uji kila baada ya nusu saa hadi usiku wa manane, hesabu ya saa itakataa. Baada ya daku piga mswaki na uzi wa meno kabla ya kulala tena. Kwenda kulala na alaina juu ya tambi za sukari ni kuwaita wadudu wa meno.

Usifanye haya

- Usiloweke alaina kwenye maji ya moto, wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari juani.
- Usiisugue kwa dawa ya meno, hasa ile ya kung'arisha. Inaacha mikwaruzo midogo ambayo ukoga unajificha humo.
- Usiloweke kwenye dawa ya kusukutua yenye rangi. Itabadilika rangi.
- Usitumie jiki, spiriti wala sabuni ya unga.
- Usiiache wazi juu ya meza kama una watoto wadogo au mbwa. Mbwa wanapenda sana kutafuna vitu vyenye harufu ya mate.

Ikinuka hata baada ya kuosha, famasi zinauza vidonge vya kusafishia meno ya bandia. Chagua visivyo na rangi, vyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha suuza sana kabla ya kuvaa. Vidonge hivyo havimezwi.

Ikipotea au kupasuka

Mpigie daktari siku hiyo hiyo. Kutegemea umefika wapi, atakuambia urudi seti iliyopita au uhamie inayofuata. Usijiamulie mwenyewe, na usikae wiki nzima mdomo mtupu, kwa sababu meno huanza kurudi yalikotoka na seti inayofuata inaweza kukataa kuingia.

Mwone daktari ukiona haya

- Fizi zinatoka damu siku nyingi mfululizo
- Madoa meupe kama chokaa kuzunguka vishikizo. Hiyo ni dalili ya mwanzo ya kuoza
- Jino linauma ukinywa kitu baridi au kitamu
- Kishikizo kimebanduka
- Kuna nafasi kati ya jino na alaina hata baada ya kung'ata kimpira
- Kidonda mdomoni kimezidi wiki 2

Kubanwa na maumivu madogo siku 2 au 3 za kwanza za seti mpya ni kawaida. Ndiyo maana wengi hubadilisha seti usiku kabla ya kulala. Kutamka "s" kwa shida mwanzoni nako huisha ndani ya siku chache.

Tahadhari na zile za kununua mtandaoni

Kuna alaina zinazouzwa bila kuonana na daktari: unajipima kwa kubana udongo maalumu, unatuma, unaletewa. Nchini Marekani kampuni kubwa ya biashara hiyo, SmileDirectClub, ilifunga shughuli Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa njiani. Jambo la msingi ni kwamba kabla ya kusogeza jino, lazima mtu akague fizi, mfupa na meno yaliyooza, na mara nyingi picha ya eksirei inahitajika. Tanzania, ulizia kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya, angalia orodha ya KMPDC.

Na siku ukiambiwa umemaliza, bado kuna kazi. Utapewa kifaa cha kushikilia meno yasirudi, mara nyingi cha kuvaa usiku. Usafi wake ni huu huu: maji yasiyo ya moto, mswaki laini, kikasha. Kwa hiyo tabia unayoijenga sasa utaitumia miaka mingi.