Steroidi na Nimonia ya Watoto: Funzo la Historia

Mtoto mwenye nimonia kali hushambuliwa mara mbili: kwanza na vijidudu, kisha na uvimbe wa mapafu unaotokea mwili wake unapopambana navyo. Antibiotiki huua bakteria. Steroidi hutuliza uvimbe. Kwa hoja hiyo, mwanzoni niliamini kwamba watoto wetu wote wenye nimonia kali wanastahili deksamethasoni, dawa ya bei nafuu. Historia ya dawa hizi ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Mwaka 1948, nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi, naye akapata nafuu kubwa ndani ya siku chache. Mwaka 1950, Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel. Tangu hapo steroidi zilijaribiwa kwa magonjwa mengi yenye uvimbe.

Malaria ya ubongo ilikuwa mojawapo. Madaktari walidhani kwamba ubongo umevimba, hivyo deksamethasoni ingefaa. Mwaka 1982 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Thailand kwa wagonjwa 100. Waliopewa dawa hiyo walichelewa kuzinduka na walipata matatizo zaidi, nimonia ikiwemo, wala vifo havikupungua.

Miaka 38 baadaye dawa ileile iliokoa watu. Mwaka 2020, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa korona waliotumia mashine za kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Wasiohitaji oksijeni hawakunufaika. Mwaka 2023, utafiti wa Ufaransa ulionyesha kuwa haidrokotisoni ilipunguza vifo vya watu wazima wenye nimonia kali kutoka asilimia 11.9 hadi 6.2.

Je, hayo yanatosha kwa mtoto aliyelazwa Mbale au Soroti? Hospitali za miji hiyo ya Uganda zilishiriki utafiti wa FEAST, pamoja na nyingine za Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto 3141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walihusika. Kuwapa watoto kama hao dripu ya haraka kulikuwa kumekubalika katika nchi tajiri. Matokeo ya mwaka 2011 yalishtua: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa, na asilimia 7.3 ya wasiopewa.

Wapo wanaosema kwamba watoto wanakufa huku sisi tukisubiri utafiti. Ni kweli, na inauma. Lakini steroidi hudhoofisha pia kinga ya mwili, na katika wodi zetu wamo watoto wenye utapiamlo, VVU na kifua kikuu. Kwa maoni yangu, haraka tuliyo nayo tuitumie kufanya utafiti kwa watoto hawa hawa. Malaria na dripu vimetuonyesha kwamba hoja nzuri pekee haitoshi.